Dhahabu ilipanda, hisa ya Barrick ikashuka nusu: kampuni ya mgodi tunaipimaje?

KauntaBuku (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Mdogo wangu alinipigia simu saa tano usiku. Kalipwa hela yake ya mkataba na mkono unamuwasha. "Kaka, dhahabu imevuka dola 4,000. Nataka hisa za Barrick, si ndio hao wanaochimba pale kwetu?" Nikamuuliza kaangalia nini mpaka sasa. Akasema kaangalia bei ya dhahabu. Nikamwambia alale, tutaongea asubuhi. Asubuhi tuliongea mpaka salio likakata, kwa hiyo yaliyobaki nayamwaga hapa ayasome mwenyewe, na wengine wenye mkono unaowasha wasome pia.

Sisemi mtu anunue wala asinunue. Nasema tu kwamba bei ya dhahabu ni mlango wa kuingilia, na watu wengi huishia mlangoni.

Chukua hii. Agosti 2020 dhahabu ilivuka dola 2,000 kwa wakia kwa mara ya kwanza. Mwezi huohuo ikajulikana kwamba Berkshire Hathaway ya Warren Buffett imenunua hisa za Barrick. Watu wakakimbilia, hisa ikafika kama dola 30 kule New York. Berkshire wenyewe mwaka haukuisha walishauza. Sasa ruka hadi mwisho wa 2024: dhahabu iko kama dola 2,600, hisa ya Barrick iko kama dola 15 na nusu. Yaani madini yamepanda kwa karibu theluthi, kampuni inayoyachimba imeshuka nusu. Aliyenunua bangili akaifungia kabatini alimpita mbali aliyenunua kampuni yenye migodi kuanzia Nevada hadi North Mara.

Hiyo tofauti kaila nani? Ukishajua kuijibu, umejua kuipima kampuni ya mgodi.

Mimi nilifundishwa na mjomba ambaye hakuwahi kuona ripoti ya hesabu. Alikuwa na duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, upande wa Kahama. Siku ya mgao mifuko ya mbale, mawe yenye dhahabu, inapangwa chini: wa mwenye leseni kando, wa mwenye duara kando, wa mwenye kompresa, wa vijana walioshuka. Kijiji kizima kinauliza "mmetoa gramu ngapi?" Mjomba anafungua kaunta buku lake, limelowa dizeli pembeni, anasoma matimba, baruti, dizeli ya pampu, unga wa vijana, karasha. Halafu anauliza maswali mawili tu. Imebaki shilingi ngapi? Na mkanda wa mwamba wenye dhahabu bado upo au tumeshaufikia mwisho?

Barrick ni duara la mjomba lenye mawakili. Tuanze na la kwanza.

Mwaka 2024 waliuza dhahabu kwa wastani wa dola 2,397 kwa wakia. Gharama yao kamili ya kutoa wakia moja, ile ambayo kwenye ripoti mtaiona kwa herufi AISC, ilikuwa dola 1,484. Tofauti ni dola 913. Wametoa wakia milioni 3.9. Zidisha, unapata kama dola bilioni 3.5. Mdogo wangu alipofika hapa alianza kushangilia.

Sasa geuza kurasa hadi kwenye fedha taslimu. Shughuli zao zote, pamoja na shaba, ziliingiza kama bilioni 4.5. Zikatumika kama bilioni 3.2 kwenye mitambo, mashimo na ujenzi wa miradi. Kilichobaki mkononi ni bilioni 1.3. Sababu ni kwamba ile "gharama kamili" si kamili. Haina kodi ya mapato, haina riba, haina hela ya kujenga mgodi mpya. Ni sawa na mjomba angesoma dizeli na unga akaruka ukurasa wa duara jipya analochimba pembeni, na duara jipya lazima lichimbwe maana hili la zamani linaisha. Kiwanda cha bia kikiuza kreti leo, kesho kinatengeneza nyingine. Mgodi ukiuza wakia, umeuza kipande chake chenyewe.

Nitaendelea. Nafasi ziko wazi.

---

Mgeni Jukwaani

Mkuu tiririka. Ila kwa sisi wa darasa la saba, hisa zinanunuliwa wapi? Kuna programu moja nimetumiwa WhatsApp inauza "hisa za mgodi" kwa elfu ishirini, faida kila siku.

KauntaBuku

Faida kila siku hata mgodi wenyewe hauna. Futa hiyo kitu leo. Hisa za Barrick zipo Toronto na New York, unapitia kwa dalali mwenye leseni, basi. Kule New York alama yao ilikuwa GOLD, Mei 2025 wakabadilisha ikawa herufi moja, B, na jina likawa Barrick Mining badala ya Barrick Gold. Wanataka muwahesabu kama watu wa shaba pia.

---

Bint Sonara

Mimi nauza vidani, baba yangu aliuza vidani, na babu. Kwa hiyo nina swali la dukani. Kama hesabu ndiyo hiyo, kwa nini mtu asinunue tu dhahabu yenyewe? Haina mkurugenzi wala haina mgomo.

KauntaBuku

Dada, swali lako ndilo la kwanza ambalo mnunuzi wa hisa hizi anapaswa kujibu. Jibu ni kwamba kampuni inakuza mwendo wa bei. Turudi kwenye 2,397 na 1,484. Dhahabu ikipanda asilimia 10, inafika kama 2,637. Kama gharama haijasogea, ile 913 inakuwa 1,153, yaani faida ya kila wakia imepanda kama asilimia 26. Madini asilimia 10, faida asilimia 26. Hapo ndipo watu wanapolewa.

Ila ulevi una asubuhi yake. Bei ikishuka asilimia 10, faida nayo inaporomoka asilimia 26. Na lile neno "kama gharama haijasogea" ndilo lenye ujanja. 2023 gharama yao ilikuwa dola 1,335, mwaka uliofuata 1,484. Imepanda asilimia 11 ndani ya mwaka mmoja. Kidani chako kabatini hakijawahi kukuomba dizeli.

Bint Sonara

Kinaniomba ulinzi. Lakini nimekuelewa.

---

Shifti ya Usiku

Wakuu, mimi nimekaa mgodini miaka tisa, chini na juu. Mgodi sitautaja. Naomba nizungumzie swali la pili la mjomba, la mkanda, maana wahasibu mnalipitia haraka.

Ripoti ya mwisho wa 2024 inasema Barrick wana mashapo, yaani dhahabu ya ardhini waliyokadiria kuwa inachimbika kwa faida, ya wakia milioni 89. Mwaka mmoja nyuma yalikuwa milioni 77. Gawa 89 kwa uzalishaji wa milioni 3.9, unapata karibu miaka 23. Mtu anasema safi, kampuni ina umri mrefu. Polepole.

Kwanza, ongezeko kubwa la mwaka ule ni Reko Diq, Balochistan, Pakistan. Ni mradi mkubwa wa shaba na dhahabu, Barrick wana nusu, nusu nyingine ni ya serikali kuu kupitia mashirika yake pamoja na jimbo. Mgodi bado haujatoa kitu, lengo walilotangaza lilikuwa 2028. Kwa hiyo sehemu ya hizo wakia iko jangwani, karibu na mipaka ya Iran na Afghanistan, inasubiri mabilioni ya dola ndipo itoke. Wakia ya Nevada na wakia ya kule hazilingani, hata kama kwenye jedwali zimekaa safu moja.

Pili, na hili watu wengi hawalijui: mashapo si mwamba peke yake, ni mwamba pamoja na bei. Mwisho wa 2024 walipiga hesabu ya mashapo yao kwa dhahabu ya dola 1,400, wakati sokoni ilikuwa 2,600. Hapo niwape heshima, wamejizuia. Kampuni ikipandisha ile bei ya kukadiria, mashapo yanaongezeka bila mtu kutoboa tundu hata moja. Kwa hiyo mkisoma "mashapo yameongezeka", tafuteni maandishi madogo chini ya jedwali. Yameongezeka kwa kutoboa, kwa kununua, au kwa kubadilisha namba?

Tatu ni wingi wa dhahabu kwenye tani. Wakia moja ni gramu 31.1. Mbale ya gramu 3 kwa tani, unahitaji zaidi ya tani 10 ili upate wakia, na hapo sijatoa inayopotea kinuni. Ikishuka hadi gramu 1 na nusu, ni tani 20 na ushee. Lori ni zilezile, kinu ni kilekile, umeme ni uleule, dhahabu ni nusu. Nilikuwepo mwaka mmoja ambapo mkanda ulibana kuliko michoro ilivyosema. Tunalipua, robo tatu ya kinachoanguka ni mwamba taka. Juu wanatupigia redio kuuliza tani, sisi tani tunazo. Dhahabu ndiyo hatuna. Ripoti ya robo ile ya mwaka iliandika "changamoto za kiutendaji", maneno matatu tu. Sisi tulikula usiku kumi na nne mfululizo.

KauntaBuku

Mkuu, hii ni ya kubandika ukutani. Hizo "changamoto za kiutendaji" mimi nikiziona robo mbili mfululizo kwenye mgodi mmoja, nafungua ukurasa wa gramu kwa tani kabla sijasoma kingine.

---

Mkenya wa Barafuni

Niaje wadau. Niko Ontario, hisa hizi nimekuwa nazo on na off tangu 2012, so makovu ninayo. Wacha niongeze mambo mawili.

La kwanza ni mafungu. Barrick hawamiliki asilimia mia ya migodi yao mingi. Nevada wana asilimia 61.5, iliyobaki ni ya kampuni nyingine, Newmont. Pueblo Viejo kule Jamhuri ya Dominika ni 60. Kibali kule Kongo ni 45, AngloGold Ashanti wana 45 na shirika la serikali lina 10. Loulo-Gounkoto ya Mali 80. Bulyanhulu na North Mara 84, kwa kuwa Tanzania ina 16. Sasa ile bilioni 1.3 ya KauntaBuku ndani yake kuna hela ya Newmont, ambao wapo Nevada na Pueblo Viejo pia, na ya wengine, haijagawanywa bado. Ukitaka fungu la mwenye hisa, toa mafungu ya wabia kwanza. Watu hufanya hesabu ya juu juu halafu wanashangaa mbona gawio la 2024 lilikuwa senti 10 kwa robo mwaka.

Na hizo senti 10, kama hukai Kanada, wanaweza kukata kodi hadi asilimia 25 kabla hazijakufikia.

La pili ni tabia ya wakubwa wakati bei iko juu. Hapa ndipo nilipata makovu. Mwaka 2011 dhahabu ilikuwa ikipaa kuelekea 1,900 na hisa ilifika kama dola 55. Barrick wakaenda kununua kampuni ya Equinox kwa zaidi ya dola bilioni 7 za Kanada, sababu kubwa mgodi wa shaba wa Lumwana, Zambia. Wakati huohuo wanajenga Pascua-Lama, mpakani mwa Chile na Argentina, juu milimani, bajeti ikawa inapanda kila ripoti hadi ikafika dola bilioni 8.5. Kufika Februari 2013 wakafuta bilioni 3.8 za thamani ya Lumwana kwenye vitabu. Oktoba 2013 wakasimamisha Pascua-Lama. Mwaka ule ukafungwa na hasara ya zaidi ya bilioni 10, wakauza hisa mpya milioni 163.5 kwa dola 18.35 ili walipe madeni. Mimi nilikuwa nimenunua kwa 38. Kufika 2015 ilicheza kwenye 6 na 7.

Dhahabu yenyewe kutoka kilele hadi hapo ilishuka kama asilimia 45. Hisa ilipoteza karibu tisa ya kumi.

Shifti ya Usiku

Pole sana. Lakini Lumwana hiyohiyo leo wanaipanua kwa dola bilioni 2 na wanaisifia. Mwamba haukubadilika. Walinunua jogoo kwa bei ya ng'ombe, basi.

KauntaBuku

Ndiyo maana deni ni ukurasa wangu wa tatu. 2014 ilifungwa na deni la zaidi ya bilioni 13. Mwisho wa 2024, ukitoa fedha waliyonayo benki, deni lilikuwa halifiki bilioni 1. Hiyo ni kampuni nyingine kabisa.   Mark Bristow, mkurugenzi mkuu, alikuja na kampuni ya Randgold walipoungana na Barrick mwanzoni mwa 2019, akabana matumizi, akaondoka ghafla Septemba 2025.

---

Mzalendo Mtulivu

Mnazunguka tu. Serikali je? Makinikia mmesahau?

KauntaBuku

Nilikuwa naisubiri hiyo, na nitaiandika kwa urefu maana Mtanzania ana somo hapa ambalo mchambuzi wa Toronto kalisoma kwa mbali.

Migodi yetu ilikuwa chini ya African Barrick Gold, iliyoorodheshwa London Machi 2010 kwa peni 575 kwa hisa, na mwishoni mwa 2011 ikaorodheshwa Dar es Salaam pia. 2014 ikabadilisha jina ikawa Acacia. Machi 2017 serikali ikazuia makinikia, ule mchanga wenye madini, kusafirishwa nje. Ikaja kamati ya uchunguzi ya Profesa Mruma, ikaja ya Profesa Osoro, na Julai ikaja hati ya kodi ya dola bilioni 190 ikiwa na riba na adhabu. Mwaka huohuo sheria ikabadilika, mrabaha wa dhahabu ukatoka asilimia 4 hadi 6, ikaongezwa 1 ya ukaguzi, na serikali ikapata hisa asilimia 16 bila kulipia.

2019 Barrick wakawanunua wanahisa wadogo wa Acacia kwa chini ya nusu ya zile peni 575. Miaka tisa baadaye! Na dhahabu ilikuwa juu kuliko siku ile ya kuorodheshwa. Kisha wakakaa na serikali, wakakubali kulipa dola milioni 300, faida za kiuchumi nusu kwa nusu, ikazaliwa Twiga, kampuni ya ubia wao na serikali. Tangu hapo Bulyanhulu na North Mara zinafanya kazi.

Mzalendo, mimi kama raia nimefurahi na hiyo 16. Kama mpima hisa naandika kitu kingine kwenye daftari: mgodi hauhami. Kiwanda cha nguo kikigombana na serikali kinafunga cherehani na kwenda. Shimo linabaki pale. Kwa hiyo bei ikipanda, kila mwenye nchi anarudi mezani, na ana haki ya kurudi. Angalia mrabaha peke yake. Asilimia 6 ya dola 2,000 ni 120. Ya dola 4,000 ni 240. Gharama ya wakia imepanda kwa dola 120 na hakuna aliyefanya kosa.

Mali ndiyo marudio. Sheria mpya ya madini 2023, mabishano, wafanyakazi wakawekwa ndani Novemba 2024, Januari 2025 tani kama tatu za dhahabu zikachukuliwa na Loulo-Gounkoto ukasimama. Juni mahakama ikaukabidhi kwa msimamizi wa muda. Mgodi ule 2024 uliwapa Barrick wakia 578,000 kwa fungu lao. Hiyo ni karibu moja ya saba ya kila walichotoa, ikatoweka kwenye jedwali. Novemba 2025 wakapatana.

Mzalendo Mtulivu

Kwa hiyo unasema nchi zetu ndizo hatari?

KauntaBuku

Nasema wakia iliyoko Nevada inauzwa ghali sokoni na ya kwetu inauzwa rahisi, na wakati mwingine hiyo rahisi ndiyo yenye faida. Mwisho wa 2024 kampuni nzima ilikuwa na thamani ya kama dola bilioni 27. Gawa kwa wakia milioni 89, kila wakia ardhini ilikuwa inauzwa kwa kama dola 300, bila kuhesabu shaba. Soko lilikuwa limeogopa Mali, limeogopa Pakistan, limechoka na gharama. Hofu hiyo ndiyo iliyokuwa punguzo.

---

Mgeni Jukwaani

Mkuu wewe mwenyewe ulinunua?

KauntaBuku

Februari 2025 nilinunua kwa 17 na ushee. Nilipiga hesabu zote hizi. Juni, Mali ilipokabidhi mgodi kwa msimamizi, nikapata joto, nikauza mwezi uliofuata kwa 21. Nikajiona mjanja. Robo ya tatu ya mwaka huohuo wakauza dhahabu kwa wastani wa dola 3,457, gharama ikiwa 1,538. Ile tofauti ya 913 imekuwa zaidi ya 1,900. Fedha iliyobaki ndani ya miezi mitatu ilikuwa bilioni 1.5, inazidi ile ya 2024 nzima. Hisa ikapita 40. Hesabu nilikuwa nayo mkononi, nikaiacha kwa sababu ya habari moja ambayo nilishaiweka kwenye hesabu tangu siku nanunua.

Mkenya wa Barafuni

Mimi niliuza kwa 24, bro. Karibu kwenye chama.

Bint Sonara

Na mimi kidani bado ninacho 😂

Mdogo wa KauntaBuku

Kaka nimesoma yote. Sasa kwa bei ya leo, ninunue au nisinunue?

KauntaBuku

Umejiunga lini humu wewe? Haya. Bei ya 15 ilisamehe makosa mengi. Bei ya 40 haisamehi. Leo unalipia dhahabu ya bei ya juu kana kwamba imeshahamia hapo. Kwa hiyo fanya hivi: chukua gharama ya 1,538, iongeze kumi kwa mia, halafu weka dhahabu ya 3,000. Toa kodi, toa fungu la Newmont na wenzake, toa hela ya Reko Diq. Kinachobaki gawa kwa hisa bilioni 1.7. Ukipata jibu nitumie picha ya daftari. Sitaki jibu la kikokotoo cha kichwani.

Mdogo wa KauntaBuku

Daftari gani tena?

Shifti ya Usiku

Kaunta buku, kwaya mbili. Lenye jalada gumu.